Tusipoteze Gesi ya Usingizi, Tusimpunje Mgonjwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Bigwa, Morogoro



Ndugu viongozi wa walei, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama, akina baba, vijana, nanyi nyote mnaowahudumia wagonjwa majumbani na hospitalini: nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida halivuki mlango wa chumba cha upasuaji. Nalo ni matumizi ya gesi na mivuke inayomlaza mgonjwa usingizi wakati anapopasuliwa, yaani ile ambayo wengi wetu huiita nusukaputi.

Najua wapo wanaojiuliza: mambo hayo ya kitaalamu yanaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Si kazi ya waganga hiyo? Ni kweli, kazi ni ya waganga. Lakini dawa inayopotea hununuliwa kwa fedha ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mkulima aliyeuza ndizi zake ili mkewe apasuliwe. Gesi inayotoka bila kumfaa mgonjwa ni pungufu ya mgonjwa mwingine atakayeletwa kesho. Tena gesi hiyo haiishii dirishani. Hupanda juu na kubaki katika anga ambalo ni la watu wote. Penye fedha ya maskini, fungu la jirani na hewa ya wote, haki ipo mezani.

Neno langu la leo ni fupi, nami ningependa mlishike tangu mwanzo. Kutopoteza gesi ya usingizi ni haki, lakini usalama wa mgonjwa hutangulia. Anayebana matumizi kwa kumpunja mgonjwa pumzi yake hakuweka akiba, ameiba.

1. Gesi inakwenda wapi?

Mtu mzima aliyelala kwa dawa anahitaji oksijeni kiasi cha robo lita kwa dakika ili mwili wake uendelee na kazi zake. Hata hivyo, katika vyumba vingi vya upasuaji duniani, mashine ya usingizi hufunguliwa ipeleke lita 4, 5 au hata 6 za hewa mpya kila dakika. Hewa hiyo hupita katika chombo chenye dawa ya maji, kwa mfano isoflureni, hubeba mvuke wake, kisha humfikia mgonjwa. Mgonjwa huchukua kidogo, na sehemu kubwa hutoka nje kama ilivyoingia.

Hata ile inayoingia mwilini haikai humo. Mwili hauwezi kuivunja isoflureni ila kwa kiwango kisichofika asilimia 1. Mgonjwa anapoamka huitoa kwa pumzi. Kwa hiyo karibu kila tone lililomiminwa katika chombo asubuhi litakuwa angani jioni, ama kwa kupitia mapafu ya mgonjwa, ama bila kumgusa kabisa.

Wazee wetu wa Mgeta wana mifereji inayoteremsha maji kutoka milimani hadi kwenye matuta ya mboga. Kila mwenye shamba anajua desturi: maji yakishatosha kwenye tuta lako, unafunga, yaende kwa jirani. Anayeacha mfereji wazi mchana kutwa hapati kabichi zaidi; anapata tope, na jirani wa chini anapata ukame. Mashine ya usingizi iliyofunguliwa lita 6 kwa mgonjwa anayehitaji robo lita ni mfereji ulioachwa wazi.

Sasa tufanye hesabu, maana haki isiyohesabiwa hugeuka maneno matupu. Wataalamu wa usingizi wana kanuni nyepesi: zidisha 3 kwa lita za hewa mpya kwa dakika, kisha zidisha kwa asilimia ya mvuke. Jibu ni mililita za dawa ya maji zinazotumika kwa saa moja. Tuseme mgonjwa analazwa kwa isoflureni ya asilimia 1.2. Kwa mtiririko wa lita 6, dawa inayotumika ni mililita 21.6 kwa saa, na chupa ya mililita 250 itakwisha baada ya saa 11 na nusu hivi za upasuaji. Kwa mtiririko wa lita 1, ni mililita 3.6 kwa saa, na chupa ile ile itakaribia saa 70.

Oksijeni nayo ni vivyo hivyo. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 6 kwa dakika hudumu saa 19 hivi. Ukitoa lita 1 hudumu zaidi ya saa 110. Kwa hospitali iliyo mbali na kiwanda cha oksijeni, ambayo mitungi yake huletwa kwa lori hata wakati wa masika barabara zinapokatika, tofauti hiyo si ya mahesabu tu. Ni tofauti kati ya kuwa na oksijeni siku ya Ijumaa na kutokuwa nayo.

Nisiwadanganye: katika kazi halisi akiba haifikii kiasi hicho chote. Mwanzoni mwa usingizi ni lazima mtiririko uwe mkubwa ili mwili ujae dawa, na mwishoni huongezwa tena ili mgonjwa aamke. Lakini katika upasuaji wa saa mbili au tatu, muda wa katikati ni mrefu, na hapo ndipo pa kuokoa.

2. Hewa inawezaje kurudishwa?

Mtu akisikia kwamba hewa aliyoitoa mgonjwa inarudishwa kwake, hushtuka. Ni haki kushtuka, maana hewa tunayotoa ina hewa ya ukaa, ambayo ikizidi mwilini huua. Siri iko katika kopo la chokaa maalumu iitwayo chokaa ya soda. Mgonjwa anapotoa pumzi, hewa hupita katika kopo hilo. Chokaa hunasa hewa ya ukaa na kuiacha oksijeni na mvuke wa dawa virudi kwa mgonjwa, vikiongezewa oksijeni mpya kidogo. Vali mbili huhakikisha kwamba hewa inakwenda upande mmoja tu, kama duara. Kwa kazi yake hiyo chokaa hutoa pia joto na unyevu, hivyo mgonjwa havuti hewa kavu na baridi ya mtungi.

Jambo hili si geni. Baada ya eta kuonyeshwa hadharani huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, haikupita miaka mingi kabla ya daktari John Snow wa London kuanza kujaribu namna ya kuirudisha hewa kwa mgonjwa baada ya kuisafisha. Katika miaka ya 1920 daktari Ralph Waters wa Marekani aliifanya njia ya chokaa kuwa ya kawaida, na msukumo mmoja ulikuwa huu huu wetu: gesi zilikuwa ghali. Baadaye, mwaka 1956, ilikuja halotheni, dawa yenye nguvu isiyowaka moto. Vyombo vya kuivukiza vilifanya kazi kwa uhakika zaidi mtiririko ulipokuwa mkubwa, na nchi tajiri zilikuwa na gesi tele. Watu wakasahau kubana. Uzembe wa kuachia lita nyingi ulizaliwa na wingi, kisha ukafundishwa vyuoni kana kwamba ni kanuni ya tiba.

3. Wengi wetu hatuna cha kupoteza

Hapa, ndugu zangu, lazima tuseme ukweli wote. Mtu akija Tanzania na kuhubiri habari ya kupunguza gesi za usingizi tu, bila kutazama hali zetu, atakuwa kama mtu anayemhubiria mwenye njaa juu ya ubaya wa kula kupita kiasi.

Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na usingizi salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Ilikadiria pia kwamba kila mwaka unahitajika upasuaji milioni 143 zaidi ya ule unaofanyika. Kwa majirani zetu Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa usingizi kama wana vifaa vya lazima. Waliosema wanavyo vya kumlaza mtu mzima kwa usalama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto mdogo walikuwa asilimia 13. Kwa mama anayepasuliwa ili ajifungue walikuwa asilimia 6 tu. Na hapa kwetu madaktari bingwa wa usingizi bado ni wachache mno, chini ya mmoja kwa kila watu laki moja. Kazi kubwa wanaifanya wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo ya usingizi, mara nyingi mtu mmoja usiku kucha.

Morogoro inajua maana ya hayo. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, zaidi ya ndugu zetu mia moja walipoteza maisha. Walioungua na kubaki hai walihitaji kusafishwa vidonda, na wengine kupandikizwa ngozi. Mtu aliyeungua hasafishwi mara moja akapona. Hurudishwa tena na tena, na kila mara anahitaji kulazwa au kuondolewa maumivu. Pasipo dawa ya usingizi, tiba yenyewe hugeuka mateso.

Vilevile mtazame barabara hii ya kwenda Kisaki inayoanzia hapa Bigwa. Kwa njia hii huteremshwa mama kutoka Mkuyuni au Matombo ambaye mtoto amekwama tumboni. Anapofika mjini, hana haja ya hotuba kuhusu anga. Anahitaji mtu anayejua kazi, dawa ya kutosha, oksijeni, na kifaa cha kidoleni kinachoonyesha kama oksijeni imepungua katika damu. Kifaa hicho ni kidogo, lakini mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa nacho.

Kwa hiyo, tunaposema kuokoa gesi, hatusemi wagonjwa wachache wapasuliwe, wala wapewe dawa pungufu. Tunasema gesi ile ile iwafikie wagonjwa wengi zaidi. Katika Injili, Bwana alipowalisha watu nyikani, watu walishiba kwanza, ndipo vipande vilivyobaki vikakusanywa visipotee. Mpangilio huo ndio wetu pia. Hakuna aliyeambiwa ale kidogo ili vikapu vijae.

4. Anga ni la wote, lakini wajibu haulingani

Gesi za usingizi huzuia joto la dunia lisitoke, na ndiyo maana huhesabiwa miongoni mwa gesijoto. Lakini hazilingani. Kwa uzito ule ule, na kwa kipindi cha miaka 100, isoflureni hupasha joto mara 500 hivi kuliko hewa ya ukaa, na sevoflureni mara 130 hivi. Desflureni hupita zote: takriban mara 2,500. Nitrasi oksaidi, ambayo watu huiita gesi ya kuchekesha, hupasha joto mara 270 hivi, hukaa angani zaidi ya miaka 100, na tena huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali.

Tuweke jambo hili katika kipimo tunachokijua. Saa moja ya desflureni ya asilimia 6, kwa mtiririko wa lita 1 tu kwa dakika, huchafua anga karibu sawa na gari dogo linalokwenda Dar es Salaam kutoka Morogoro na kurudi. Saa moja ya isoflureni katika mfano wetu wa lita 6 ni sawa na kilo 16 hivi za hewa ya ukaa. Ikishushwa hadi lita 1, ni chini ya kilo 3.

Nchi zilizoitumia sana desflureni zimeanza kujirudi. Scotland iliiondoa katika hospitali zake mwaka 2023, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Umoja wa Ulaya umeikataza kuanzia tarehe 1 Januari 2026, isipokuwa pale tiba inapoilazimu kabisa. Huko Scotland iligunduliwa pia kwamba sehemu kubwa sana ya nitrasi oksaidi ilikuwa ikivuja katika mabomba ya hospitali kabla ya kumfikia mgonjwa yeyote. Fikirini: gesi inanunuliwa, inahifadhiwa, inasukumwa ukutani, na inapotea bila kumfaa hata mtu mmoja.

Hatua hizo ni njema. Lakini tukumbuke mizani. Gesi za usingizi zote pamoja ni sehemu ndogo sana ya uchafuzi wa anga la dunia, na sehemu ya hospitali zetu ni tone katika hiyo. Mkulima wa Uluguru anayeona mvua zimebadilika hakuchomwa na isoflureni ya hospitali ya wilaya. Waraka wa Laudato Si' wa Baba Mtakatifu Fransisko, wa mwaka 2015, unatufundisha kutotenganisha utunzaji wa mazingira na haki ya maskini. Mwenye kuchafua zaidi ana wajibu wa kuacha mapema zaidi. Kwa hospitali zetu, sababu ya kwanza ya kubana gesi ni mgonjwa na mfuko wake. Anga linapata faida kwa njia hiyo hiyo.

Ipo pia afya ya watumishi. Chumba kisicho na bomba la kutoa nje gesi iliyotumika huwafanya muuguzi, daktari na mfagizi wavute mabaki yake kila siku. Tafiti tangu miaka ya 1960 zilizua hofu juu ya mimba kuharibika kwa wanawake wanaofanya kazi humo. Mtiririko mdogo, mashine isiyovuja na hewa inayopita vizuri huwalinda nao. Hao pia ni wafanyakazi wenye haki zao.

5. Masharti ya kubana kwa haki

Sasa nifike kwenye kiini. Kupunguza mtiririko si kugeuza kishikio tu. Mtiririko unapokuwa mdogo, hewa anayovuta mgonjwa si ile inayoonyeshwa kwenye vipimo vya mashine, kwa kuwa imechanganyika na ile aliyoitoa. Oksijeni inaweza kushuka taratibu bila mtu kujua. Kwa hiyo yapo masharti yasiyorukwa.

Kwanza, pawepo kifaa kinachopima oksijeni ndani ya mrija wa mgonjwa na kingine cha kidoleni kinachopima damu yake. Kipimo cha hewa ya ukaa kinahitajika pia, na kwa mtiririko mdogo sana, kipimo cha mvuke wa dawa. Mahali ambapo vifaa hivi havipo, mtoa usingizi abaki na mtiririko mkubwa unaomlinda mgonjwa, wala asilaumiwe kwa hilo.

Pili, chokaa iwe nzima. Inapochoka hubadilika rangi, na kila aina ina rangi yake. Lazima mtumishi aijue ile aliyo nayo. Mtiririko ukishuka, chokaa hutumika zaidi. Hospitali inayookoa isoflureni na kisha ikasita kununua chokaa imeficha deni lake katika damu ya mgonjwa.

Tatu, mashine isivuje. Mirija iliyopasuka na vali zilizokwama hufuta akiba yote.

Nne, awepo mtu aliyefundishwa, na asiachwe peke yake kwa saa ishirini na nne. Mtu aliyechoka hasomi kipimo vizuri.

Tano, neno la mwisho ndani ya chumba cha upasuaji liwe la anayelinda pumzi ya mgonjwa. Mhasibu ana haki ya kuuliza kwa nini chupa nyingi zimetumika mwezi huu. Hana haki ya kuamuru mgonjwa apewe lita ngapi.

Yapo mambo mengine ambayo kila hospitali inaweza kuyafanya kesho asubuhi, hata isipokuwa na kifaa kipya. Mtiririko usifunguliwe kabla mgonjwa hajaunganishwa na mashine. Wakati mrija unapowekwa kooni, mtiririko ufungwe badala ya kuachwa ukipuliza ukutani. Mitungi ifungwe jioni. Dawa imiminwe kwa uangalifu, na chupa ifunikwe. Kwenye gesi pia, maji yakimwagika hayazoleki.

6. Njia nyingine za kumlaza mgonjwa

Si kila upasuaji unahitaji gesi. Ganzi ya uti wa mgongo, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 1898 na daktari August Bier wa Ujerumani, humwezesha mama kujifungua kwa upasuaji akiwa macho na kumsikia mtoto wake akilia. Ganzi ya mkono au mguu hutosha kwa mifupa na vidonda vingi. Ketamini, inayochomwa mshipani au katika msuli, imewekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985. Humwacha mgonjwa wa kawaida aendelee kuvuta pumzi mwenyewe, ingawa huleta ndoto za kutisha na kupandisha shinikizo la damu. Mwaka 2015 lilitolewa pendekezo katika Umoja wa Mataifa kwamba ketamini iwekewe vizuizi vya kimataifa kwa sababu baadhi ya watu huitumia kama dawa ya kulevya. Shirika la Afya Duniani lilipinga, na pendekezo likaahirishwa. Kama lingepita, hospitali nyingi za vijijini Afrika zingepata shida kubwa kuipata. Haya ndiyo mambo ambayo Tume zetu zinapaswa kuyafuatilia: uamuzi uliofanywa mbali unaweza kumfikia mgonjwa wa Matombo.

Njia hizi nazo zina hatari zake. Ganzi ya uti wa mgongo huweza kushusha shinikizo la damu ghafla, hasa kwa mama aliyepoteza damu nyingi. Asichaguliwe mgonjwa kwa ajili ya njia. Njia ichaguliwe kwa ajili ya mgonjwa.

Kuhusu mashine, tujifunze pia kutoka kwa majirani. Daktari Paul Fenton, aliyefanya kazi miaka mingi Blantyre, Malawi, alibuni mashine ya usingizi inayotumia oksijeni iliyochujwa kutoka hewa ya chumbani, na umeme ukikatika inaendelea kumlaza mgonjwa kwa hewa ya kawaida. Mashine za namna hiyo hazirudishi hewa yote kama zile za duara, lakini huiondolea hospitali utumwa wa kungoja lori la mitungi. Mashine nyingi za msaada, kinyume chake, hutengenezwa kwa ajili ya hospitali yenye umeme usiokatika na gesi ya bomba. Zikifika kwetu husifiwa kwa picha siku ya kukabidhiwa, kisha hufunikwa shuka. Kabla ya kupokea msaada tuulize: chokaa yake inapatikana wapi? Vipuri vyake je? Nani ataitengeneza?

7. Kazi yetu sisi walei

Hatuwezi kuingia chumba cha upasuaji na kushika mashine. Lakini baadhi yenu ni wajumbe wa bodi za hospitali na kamati za vituo vya afya. Wengine ni madiwani, walimu, wahasibu, mafundi wa umeme. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lilikiri kwamba gharama ya ugonjwa isiachiwe mtu mmoja. Basi tunapobeba gharama pamoja, tuwe na haki ya kuuliza pamoja jinsi inavyotumika.

Waulizeni viongozi wa hospitali kwa heshima. Vipo vipimo vya oksijeni vya kutosha? Watoa usingizi ni wangapi, na wanapumzika lini? Mashine zilifanyiwa matengenezo lini? Na swali ambalo mara nyingi husahaulika: fedha iliyookolewa imekwenda wapi? Akiba iliyotokana na gesi ya wagonjwa ni mali ya wagonjwa. Inunue chokaa, inunue kifaa cha kidoleni, impeleke muuguzi mmoja masomoni. Ikigeuka kuwa posho za vikao, tumeufungua mfereji kwa upande mwingine.

Tusiwatupie lawama watumishi. Yule anayeketi kichwani mwa mgonjwa usiku wa manane, akihesabu pumzi zake wakati wengine wote wanatazama kisu, mara nyingi hatumjui hata jina. Mgonjwa akiamka humshukuru daktari mpasuaji. Ni vema jumuiya zetu zianze kumtambua mtumishi huyu na kusikiliza anachosema amekosa.

Ndugu zangu, pumzi si ya hospitali wala si ya serikali. Ni ya mgonjwa, naye alipewa na Mungu. Anayepewa kazi ya kuishikilia kwa saa mbili aishike kama amana: asiipunje, asiipoteze.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika hospitali au kituo cha afya tunachokitegemea, ni nani hutoa usingizi kwa wagonjwa? Tunajua mahitaji yake?

2. Ni mfano gani wa mali ya wote inayopotea katika mtaa wetu kwa sababu hakuna anayefunga mfereji?

3. Tutatofautishaje kati ya kubana matumizi kwa haki na kumpunja mgonjwa?

4. Nani katika jumuiya yetu anatuwakilisha katika bodi ya hospitali au kamati ya afya, na mara ya mwisho alituletea taarifa lini?

5. Tukiletewa msaada wa mashine, ni maswali gani matatu tutauliza kabla ya kuupokea?